Presha ya Kusimama na Aibu ya Kusema: Kuzipima Dalili Zilizofichika za Ugonjwa wa Parkinson

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili, Bloomsbury, London

Nimepewa dakika arobaini na tano. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo maana ameweka saa mezani.

Nawashukuru waandalizi kwa kuchagua mtaa huu. Ukitoka mlango huu ukatembea dakika chache unafika Queen Square, ilipo hospitali ya taifa ya maradhi ya neva iliyofungua milango yake mwaka 1860. Mengi nitakayoyasema leo yalifanyiwa kazi pale.

Nia yangu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba ugonjwa wa Parkinson na maradhi yanayofanana nao yana upande usioonekana kwa macho, na kwamba upande huo unapimika, kwa mashine na kwa maswali. Swali ndicho kipimo kinachotumika zaidi. Likiulizwa vibaya, au likiulizwa mbele ya mtu asiyestahili kusikia jibu, namba inayotoka ni ya uongo hata kama imeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Mwili una neva tunazoziamrisha: nataka kuinua bilauri hii, mkono unainuka. Una pia neva nyingine zisizongoja amri ya mtu. Hizo ndizo zinazokaza mishipa ya damu unaposimama, zinazosukuma chakula tumboni, zinazofunga na kufungua kibofu, zinazotoa jasho, zinazobana mboni ya jicho ukitoka juani. Jioni hii nitaziita neva zinazojiendesha. Kazi yake ni kama ya mpishi wa shughuli: wageni hawamwoni wala hawamuulizi jina, lakini siku asipofika, harusi nzima inajua kabla ya adhuhuri. Katika Parkinson neva hizi huharibika polepole, pamoja na zile za mwendo na mara nyingine kabla yake.

Hoja ya kwanza: mtu wa kwanza kuuandika ugonjwa huu aliyaona mengi ya haya

Twende Hoxton, kaskazini kidogo ya City, safari ya basi moja kutoka hapa. Pale, nyumba nambari 1 ya Hoxton Square, aliishi na kutibu watu James Parkinson, aliyezaliwa tarehe 11 Aprili 1755. Mwaka 1817 alichapisha kitabu kidogo kuhusu kupooza kunakoambatana na kutetemeka. Wagonjwa wake walikuwa sita tu. Baadhi yao aliwaona njiani, akatazama mwendo wao na kiwiliwili kilivyoinama mbele, akayaandika aliyoyaona. Baadaye daktari Charcot wa Paris akaupa ugonjwa jina la mganga huyu wa Hoxton, na leo tarehe ya kuzaliwa kwake ndiyo Siku ya Parkinson Duniani.

Watu humkumbuka kwa mtetemeko wa mikono na hatua fupi za haraka. Ukikisoma kitabu chenyewe utakuta zaidi ya hayo. Ameandika kwamba matumbo ya wagonjwa wake yalikuwa mazito muda wote, hata ikafika hali ya kuhitaji dawa kali za kuyaamsha. Ameandika juu ya mate yanayotoka bila kuzuilika. Ameandika kwamba mwishoni haja ndogo na haja kubwa humponyoka mgonjwa. Mganga wa mtaa, bila mashine yoyote, aliona kwamba ugonjwa huu haukomei mikononi.

Waliomfuata walipima kile kinachoonekana kutoka upande wa pili wa chumba: mtetemeko, ukakamavu, uzito wa mwendo. Fomu kuu ya dunia ya kupima Parkinson ilipofanyiwa marekebisho makubwa na kuchapishwa upya mwaka 2008, ndipo maswali ya kukosa choo, ya mkojo na ya kizunguzungu cha kusimama yalipopewa nafasi katika sehemu yake ya kwanza. Toka 1817 hadi 2008. Wanafunzi, fanyeni hesabu wenyewe.

Kilichowaamsha wataalamu ni uchunguzi wa aina mbili. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Honolulu uliowafuatilia wanaume wenye asili ya Kijapani kwa miaka mingi. Wale waliokuwa hawapati choo hata mara moja kwa siku walionekana kupata Parkinson zaidi, miaka mingi baadaye, kuliko wenzao. Mwaka 2003 Mjerumani Heiko Braak na wenzake wakapendekeza, baada ya kukagua ubongo wa marehemu wengi, kwamba kwa wagonjwa wengi uharibifu huanzia kwenye sehemu za kunusa na chini kabisa ya ubongo, kwenye kiini cha neva ya vagasi inayoteremka hadi tumboni. Pendekezo lake bado linajadiliwa, wala si kila mgonjwa anafuata njia hiyo. Lakini baada yake hakuna tena daktari mwenye busara anayeweza kuiita habari ya choo kuwa jambo la pembeni.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Kufunga choo kuna sababu mia, na karibu zote hazihusiani na Parkinson. Tafadhali msitoke hapa mkaanza kupigiana simu usiku.

Hoja ya pili: mwili una ushahidi wake, ila ushahidi huo una saa zake

Asubuhi ya tarehe 6 Mei 1954 kijana mmoja anayesomea udaktari alikwenda hospitali ya St Mary's, Paddington, akanoa misumari ya viatu vyake vya kukimbilia, kisha akapanda treni kwenda Oxford. Jioni ile alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, na hakuna aliyewahi kushuka chini ya dakika nne kabla yake katika mbio zilizopimwa. Sisi tunaotoka nchi za wakimbiaji tunalijua jina la Roger Bannister. Wasilolijua wengi ni kwamba alistaafu mbio mwaka huo huo, akawa daktari wa neva hapa London, Queen Square na St Mary's, na akatumia maisha yake kuchunguza neva zinazojiendesha. Mwaka 1972 yeye na David Oppenheimer waliandika juu ya maradhi ya ubongo yanayoandamana na kushindwa kwa neva hizi. Mwaka 1983 kilitoka kitabu alichokihariri juu ya somo hilo, ambacho vizazi vya madaktari vimejifunzia. Mwaka 2014 akatangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe ana Parkinson. Alifariki Machi 2018. Alipoulizwa, alisema anajivunia kazi ya udaktari kuliko ile maili, na mimi namwamini.

Sasa tuone namna kazi hiyo inavyofanyika. Ukisimama, damu kiasi cha nusu lita hadi lita nzima huteremka kwenye miguu na tumbo. Kwa mtu mzima wa afya, neva hukaza mishipa mara moja na moyo huongeza mapigo kidogo, mtu asijue kilichotokea. Maabarani mgonjwa hulazwa chali kwenye kitanda chenye mikanda, presha yake ikapimwa, kisha kitanda kikainuliwa hadi nyuzi 60 au zaidi. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu, na ikabaki chini, basi huyo ana presha ya kushuka anaposimama. Kipimo hicho kilikubaliwa na wataalamu mwaka 1996. Kati ya wagonjwa wa Parkinson, takriban watatu katika kumi wanayo.

Halafu tunatazama moyo. Mtu aliyepungukiwa maji, presha yake ikishuka, moyo hukimbia kuisaidia. Mtu ambaye neva zake zimeharibika, presha inashuka 40 na moyo unaongeza mapigo 10 tu, kama hauna habari. Ongezeko la mapigo ukiligawanya kwa mshuko wa presha likatoka chini ya nusu, shaka inaelekea kwenye neva. Hesabu hiyo muuguzi yeyote anaweza kuifanya pembeni ya kitanda.

Vipimo vingine nitavitaja kwa haraka. Mgonjwa huambiwa avute pumzi ndefu sita kwa dakika huku mapigo yakiandikwa, kwa sababu moyo wenye neva nzima hupanda na kushuka pamoja na pumzi. Huambiwa apulize kwenye mrija kwa nguvu ya milimita 40 za zebaki kwa sekunde 15. Kibofu huchunguzwa kwa picha ya mawimbi ya sauti baada ya kukojoa, kuona mkojo uliobaki, na ukibaki mililita 100 au zaidi bila sababu nyingine, daktari huanza kuufikiria ugonjwa mwingine unaofanana na Parkinson lakini unaokwenda mbio zaidi, ule unaokausha sehemu kadhaa za ubongo kwa pamoja. Kuyatenganisha maradhi haya mawili ni moja ya sababu kubwa za kupima. Neva zinazojiendesha zikivunjika mapema na vibaya sana, daktari wa Parkinson hulazimika kujiuliza kama amelipata jina sahihi.

Tatizo ni saa. Presha ya kushuka hupenda asubuhi, mtu anapotoka kitandani baada ya kuamka mara nne usiku kwenda haja. Hupenda nusu saa au saa moja baada ya mlo mkubwa, damu inapokwenda tumboni. Sahani ya pilau ya Ijumaa imeangusha wazee wengi. Hupenda maji ya moto ya kuogea. Miadi ya hospitali ni saa nane mchana, mgonjwa amekaa kitini, amekunywa chai, na mashine inasema hana neno. Ndiyo maana wengine hufungwa kipimo cha kutembea nacho kwa saa 24, na hapo mara nyingi hujitokeza jambo la ajabu: presha ambayo kwa kawaida ingeteremka usiku, kwa mgonjwa huyu inapanda akilala. Mtu mmoja ana presha ya chini akisimama na ya juu akilala. Ukimpima amekaa tu, ukaona namba imepanda kidogo, ukamwongezea dawa ya presha, kesho unaweza kumkuta chini bafuni na nyonga imevunjika. Mimi nasema wazi: kumpima mgonjwa wa Parkinson presha ya kukaa peke yake ni kazi iliyoachwa nusu.

Hoja ya tatu: swali ni chombo, na lina ufundi wake

Wengi ambao presha yao hushuka hawahisi chochote. Wengine wanahisi, lakini hawaiti presha: shingo na mabega yanauma wakisimama muda mrefu, macho yanaingia ukungu, miguu inalegea, wanachoka kabla ya kuanza kazi. Mashine haiwezi kujua hayo. Na hakuna mashine ya kukaa nyumbani kwa mtu mwezi mzima ikihesabu mara ngapi alisakamwa na ugali. Lazima aulizwe.

Mwaka 2004 watafiti wanne wa Leiden, Uholanzi, yaani Visser, Marinus, Stiggelbout na van Hilten, walitoa hojaji iitwayo SCOPA-AUT kwa ajili ya wagonjwa wa Parkinson. Ina maswali 25, karibu yote juu ya mwezi uliopita: saba ya kumeza na matumbo, sita ya mkojo, matatu ya moyo na presha, manne ya jasho, joto na baridi, moja la macho kuumizwa na mwanga, na mengine ya tendo la ndoa, mawili kwa mwanamume na mawili kwa mwanamke. Kila jibu lina alama kuanzia 0, haijatokea, hadi 3, hutokea mara nyingi. Kwa kuwa kila mtu hujibu maswali 23, alama za juu kabisa ni 69. Hapa London nako, Ray Chaudhuri na wenzake walitoa mwaka 2006 orodha ya dalili 30 zisizo za mwendo, za kujibu ndiyo au hapana, ambayo mgonjwa huijaza akisubiri kuitwa. Mwaka uliofuata wakaongeza kipimo chenye uzito: ukali wa dalili unazidishwa kwa wingi wa kutokea kwake, na jumla inaweza kufika 360.

Orodha ya ndiyo na hapana ni wavu mpana, haipimi ukubwa wa samaki. Ile ya Leiden inapima, lakini inadai kumbukumbu ya mwezi mzima. Fundi mwema hujua alichokishika mkononi.

Nitawaonyesha mahali chombo hiki kinapotoboka. Chukua ukurasa wa mwisho, maswali ya tendo la ndoa. Pale pana kisanduku cha kusema swali halinihusu. Mjane anakitia alama, ni sawa. Mume aliyeacha tendo hilo miaka mitatu kwa sababu mwili umekataa, naye anakitia alama, kwa haya. Kwenye kompyuta watu hawa wawili wanafanana. Na mwenye kuingiza takwimu akiwa na haraka, akahesabu palipoachwa wazi kama 0, basi mgonjwa mwenye dalili nzito zaidi ameandikwa kuwa mzima. Mahali palipoachwa wazi hapajasema kitu, na huwezi kupageuza namba bila kumrudia mgonjwa. Nimeona fomu nyingi za watu wetu ambazo kurasa za mwanzo zimejaa wino na ule wa mwisho ni mweupe kama ulivyotoka kiwandani.

Chukua tena maswali ya joto. Muulize mtu wa Mombasa kama joto linamsumbua kuliko kawaida, kawaida ipi? Amehamia London miaka ishirini iliyopita, nyumba ina hita, Julai madirisha hayafunguki. Au swali la kizunguzungu. Watu wetu hulitumia neno hilo kwa njaa, kwa malaria, kwa chumba kinachozunguka, kwa giza la ghafla machoni. Swali zuri huuliza tendo: ukishusha miguu kitandani ukasimama, je, macho yanaingia giza? Inakubidi ushike ukuta? Inakupa nafuu ukikaa?

Waislamu waliomo humu wanacho kipimo tayari, mara tano kwa siku. Kutoka sijida hadi kusimama rakaa ya pili ni mtihani mkali zaidi wa presha kuliko kuinuka kitini. Mzee aliyeanza kujivuta hadi safu ya nyuma ili apate ukuta wa kushika, au aliyeanza kuswali kwenye kiti bila kueleza kwa nini, ametoa jibu kabla hajaulizwa. Kanisani ni vivyo hivyo kwa anayeinuka kutoka magotini. Hojaji inayotafsiriwa kwa ajili yetu bila kuuliza mambo kama haya ina maneno ya Kiswahili, lakini haijawafikia Waswahili.

Na Waswahili tuna sababu ya kulishika jambo hili. Wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania pamoja na wenzao kutoka kaskazini ya Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 161,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia jina la ugonjwa wao. Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti juu ya dalili zisizo za mwendo kwa wagonjwa wa Tanzania. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba maswali haya ni anasa ya London. Yalikwisha kuulizwa migombani.

Hoja ya nne: jibu linategemea nani amekaa chumbani

Hapa nitazungumza polepole, kwa sababu ndipo vipimo vyetu vingi vinapoharibikia.

Nitawapa mfano niliouchanganya kutoka kwa watu wengi ili asitambulike hata mmoja. Mzee wa miaka sabini na kitu, anakaa mashariki ya London, Kiingereza chake ni cha dukani. Anakuja kliniki na binti yake, mtoto mzuri, ameomba ruhusa kazini ili awe mkalimani wa baba. Muuguzi anauliza: je, mkojo humponyoka? Binti anageuka. Mnataka aseme nini? Anasema, "Baba, wanauliza kama uko sawa na mambo ya chooni." Baba anasema, "Alhamdulillahi." Binti anamwambia muuguzi hapana. Inaandikwa 0. Swali la nguvu za kiume halifiki kabisa, binti analiruka na muuguzi anashukuru kimoyomoyo. Fomu imejaa, saini imewekwa, na katika chumba kile hakuna aliyesema uongo kwa nia mbaya. Kila mmoja alimhifadhi mwenzake.

Miezi sita baadaye mzee huyo anaonekana hatoki nyumbani. Haendi msikitini, haendi harusini. Watoto wanasema baba amekata tamaa, au dawa za kutetemeka hazifai. Ukweli ni kwamba hawezi kukaa saa moja mbali na choo, na udhu haumkai. Hilo ni alama 3, na lilikuwa na tiba. Hata dawa zake za mwendo zilikuwa na tatizo la aina hiyo hiyo: tumbo linaloteremsha chakula polepole huchelewesha na kidonge, kikakaa tumboni hakifiki panapofyonzwa. Kwa hiyo swali la choo lililorukwa kwa adabu liliharibu pia hesabu ya mtetemeko ambayo kila mtu alikuwa akiihangaikia.

Adabu yetu siilaumu. Ninachosema ni kwamba kipimo lazima kiijue. Mkalimani awe mgeni kwa mgonjwa, wa jinsia anayoridhika nayo, aliyefundishwa kutaja mkojo na tendo la ndoa kwa lugha ya heshima bila kupunguza kitu. Huduma ya afya ya taifa, NHS, hutoa mkalimani bila malipo; mwombeni mnapopanga miadi, msingoje kufika. Kwa ndugu zetu Wabarawa, semeni lugha yenu ni Chimwiini, kwani mkalimani wa Kiswahili cha bara anaweza kukosa nusu ya mambo. Mgonjwa apewe nafasi ya peke yake, hata dakika kumi, na mke au mume naye aulizwe kwa ruhusa yake, maana mwenye kufua mashuka anajua ambacho mwenye kuyalalia hakisemi.

Vijana, mkiwasindikiza wazazi, kaeni nje kidogo. Hamjawatelekeza.

Hoja ya tano: ugonjwa unasogea, na jumla inaweza kudanganya

Hili ni fupi. Wagonjwa wawili wanaweza kupata alama 20 kila mmoja kwenye hojaji ya Leiden. Mmoja zote za matumbo na mkojo, mwingine kadhaa ni za kizunguzungu cha kusimama na kuzimia. Jumla ni sawa, hatari si sawa hata kidogo. Daktari atazame kila fungu peke yake. Na alama zikipanda kutoka 20 hadi 24 baada ya mwaka, asikimbilie kusema ugonjwa umesonga. Pengine ameongezewa levodopa, dawa ya mwendo, ambayo huweza kushusha presha. Pengine amejaza fomu wiki ya joto kali, au katikati ya Ramadhani mwili ukiwa na maji kidogo. Tarehe, dawa, saa ya kidonge cha mwisho, na kama mtu amefunga, viandikwe juu ya kila fomu. Kuhusu saumu yenyewe, mwenye presha ya kushuka azungumze na daktari wake na shehe wake kabla ya mwezi kuandama. Dini imeshampa mgonjwa nafasi.

Yanayotungoja

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na Parkinson. Uingereza peke yake ina zaidi ya 150,000. Tangu 2022 mradi wa kuboresha matunzo ya Parkinson barani Afrika, unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Newcastle, unafanya kazi katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo. Wazee wataongezeka pande zote mbili, Moshi na Newham, na fomu watakazopewa zitakuwa na maswali haya haya.

Kazi iliyo mbele yetu, ya kuzitafsiri fomu hizo, ina hatua zinazojulikana. Maswali hutafsiriwa na watu wawili wasioshauriana, hurudishwa kwenye lugha ya kwanza na mtu wa tatu asiyeyaona ya asili, kisha, na hii ndiyo hatua inayorukwa, watafiti hukaa na wagonjwa wenyewe mmoja mmoja na kuwauliza: hapa umeelewa nini? Wagonjwa hao watoke Mombasa, Moshi, Bukavu, Barawa na London. Kazi hiyo inahitaji wanafunzi wa Kiswahili kama nyinyi wa safu ya nyuma, wauguzi, na wazee wasioona tabu kutuambia kwamba swali letu ni la kipumbavu.

Wakati hilo linaandaliwa, kuna jambo la kufanya wiki hii kwa mwenye mgonjwa nyumbani. Tafuteni mashine ya presha ya mkononi. Asubuhi, kabla ya chai, mgonjwa alale chali dakika tano, mpimeni. Asimame, mtu akiwa pembeni yake tayari kumshika, mpimeni baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Akijisikia vibaya akae mara moja, msimalizie kipimo. Andikeni namba zote na mapigo ya moyo, fanyeni hivyo siku saba, siku moja rudieni baada ya mlo wa mchana, kisha mpelekeeni daktari wenu wa mtaa (GP) karatasi hiyo. Msimbadilishie dawa yoyote kwa kufuata namba hizo. Hiyo ni kazi ya daktari.

Karatasi zenye mistari ya kuandikia nimeziacha kwenye meza ya mlangoni. Pembeni yake kuna daftari kwa watakaojitolea kwenye kazi ya tafsiri: andikeni jina, lahaja mnayoizungumza nyumbani, na siku mnazopata nafasi.